Muulize Shangazi: Ndoo ya mama mkwe, chumvi ya kupima na wiki mbili bila mke

Mwezi uliopita niliwaomba mtazame ndani ya nyumba zenu, mchague kitu kimoja mnachokitumia kila siku bila kukifikiria, kisha mniandikie. Barua zimekuja nyingi. Mama mmoja wa Songea amejaza kurasa mbili kuhusu sindano ya cherehani yake, na kijana wa Tanga ameandika kuhusu benchi la nje ya nyumba yao, ambalo kila mgeni wa marehemu babu yake alilikalia. Nimezisoma zote. Leo najibu tatu tu, kwa sababu zina maswali ndani yake, na kwa sababu zimenigusa mimi niliyekuwa muuguzi kwa miaka 34.

*

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara, Dar es Salaam. Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu mwezi Juni, ametoka kijijini wilaya ya Mpwapwa. Ni mtu mzuri, hana maneno. Tatizo ni maji. Akisikia koki imefunguliwa anakuja mbio na ndoo. Maji niliyooshea mchele anayachukua kumwagilia mchicha, ya kufulia anayaweka ya chooni. Anaoga kwa nusu ndoo. Juzi nilikuwa naosha vyombo, maji yanatiririka, akaja akafunga koki kimya kimya akarudi kukaa. Nilijisikia kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Mume wangu anacheka tu. Bili tunalipa wenyewe na maji yapo. Nimwambieje kwa heshima kwamba mjini hatuishi hivyo?*
*Mama wawili, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Sitakufundisha namna ya kumwambia, kwa sababu naomba usimwambie.

Mpwapwa ninaifahamu kidogo, nilikaa huko miezi sita kwenye kazi ya chanjo. Mvua zao huanza Desemba, zikiwahi sana mwishoni mwa Novemba, na Aprili zimekwisha. Baada ya hapo ni jua mpaka mwaka urudi. Makorongo yanakauka, unabaki mchanga mweupe unaong'aa. Wanawake wanashuka korongoni na jembe, na bakuli, na dumu. Wanachimba mchangani mpaka mkono ukutane na unyevu, halafu wanakaa kusubiri. Maji hayaji kwa kuitwa. Yanajichuja polepole chini ya shimo, unachota bakuli moja, unasubiri tena. Mwezi wa tisa shimo linakuwa refu kiasi kwamba anayechota haonekani, unaona bakuli tu likipokelewa juu. Nilimwona mama mjamzito wa miezi minane akiwa ndani ya shimo la namna hiyo, na aliponiona nimeshtuka, yeye ndiye aliyenipa pole.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani, na njia ni ya kupanda. Mwanamke aliyelelewa hivyo anapima maji kwa shingo yake. Koki yako inapotiririka wewe ukisugua sufuria, masikio yake yanasikia mzigo unamwagika. Alipofunga bila kusema neno alikuheshimu. Angeweza kukusema mbele ya watoto.

Sasa tuje kwenye maji yako wewe, maana nayo yamesafiri. Hapo Kimara unakunywa mto Ruvu. Mto huo unaanzia milima ya Uluguru, kule Morogoro, kwenye vijito ambavyo mtoto anaweza kuviruka. Unashuka hadi Mlandizi, mkoa wa Pwani, na hapo kuna mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959. Maji yanavutwa mtoni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa wakati wa masika. Yanatiwa dawa ya kushikanisha tope ili lizame, yanapitishwa kwenye mchanga wa kuchuja, yanatiwa klorini, ndipo pampu zinayasukuma kufuata barabara ya Morogoro hadi kwenye matangi ya hapo hapo Kimara, mlimani, ili yateremke mjini. Baada ya kupanuliwa, mtambo huo una uwezo wa kutoa lita milioni 196 kwa siku. Gawa kwa ndoo ya lita 20 uone: ni karibu ndoo milioni 10, kila siku ya Mungu. Na usiku ule wewe umelala, kuna mtu wa zamu amesimama kwenye pampu anasikiliza kama mlio wake umebadilika.

Unasema maji yapo. Mwezi Oktoba mwaka 2022 ukame uliushusha Ruvu, na jiji zima likaingia kwenye mgao. Mimi nilikuwa Tabata. Dumu la mkokoteni nililozoea kununua kwa shilingi 300 nililinunua kwa 700, na nilimwona jirani yangu, mtu wa gari mbili, akishuka ghorofani saa 9 usiku na beseni kukinga maji kabla hayajakatika. Wiki ile sote tulioga kwa nusu ndoo na tukaweka maji ya kufulia chooni. Mvua ziliporudi tukasahau ndani ya mwezi mmoja. Mama mkwe wako hana uwezo wa kusahau. Mwili wake unakumbuka kwa niaba yake.

Nikuambie na jambo ninaloliamini, hata kama wengine hawatakubali. Sijawahi kuona mtu akijifunza kushukuru kwa kuambiwa "wenzio hawana". Nililelewa kwa maneno hayo, nikawalea wanangu wanne kwa maneno hayo hayo, "maliza chakula, kuna wanaolala njaa", na kilichotokea ni kwamba walimaliza chakula kwa hasira. Mtu hushukuru anapokifuata kitu hadi kilikotoka, akaona mikono iliyokishika njiani. Mwanangu wa tatu alikuwa mtupaji wa mkate mpaka likizo moja alipofanya kazi ya kusaidia kwenye tanuri la mkate, kuamka saa 8 usiku. Tangu siku hiyo hajatupa hata ganda. Hakuna aliyemhubiria.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni moja waketishe watoto kwa bibi yao, umwombe awasimulie alivyokuwa anateka maji akiwa na umri wao. Mwombe kweli, kwa jina la heshima unalomwitia, na wewe ukae hapo usikilize, usiende kukaanga vitunguu. Muulize shimo lilikuwa la nani, maana makorongoni kila shimo lina mwenyewe na lina adabu zake. Muulize walifanya nini punda wa jirani alipoingia. Utashangaa. Halafu kesho yake watazame mita ya maji pamoja na watoto. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Watoto wahesabu wenyewe.

Na kama una koki inayodondoka, badilisha mpira wa ndani. Mimi niliweka ndoo ya lita 10 chini ya koki yangu ya bafuni, iliyokuwa inadondoka kidogo tu. Asubuhi niliikuta imejaa mpaka ukingoni. Sikuwa nimejua kwamba kila usiku nilikuwa nalala nikimwaga ndoo.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina kibanda cha chakula karibu na stendi ya Makambako, nauza wali, maharage na nyama. Kitu ninachokitumia bila kukifikiria ni chumvi. Nanunua ya kupima sokoni, ile ya mawe, kwa sababu ni nafuu. Afisa afya amepita akasema nitumie ya pakiti yenye madini joto. Nimekubali kwa mdomo lakini moyoni sijaelewa. Chumvi si chumvi? Au ni biashara za watu?*
*Mpishi, Makambako*

Marahaba, baba. Nashukuru umeuliza waziwazi, maana wengi wanaitikia tu kama ulivyoitikia wewe, kisha wanarudi kwenye kopo lao.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa nyanda za juu kusini, mwaka 1981, si mbali sana na huko uliko. Wiki ya kwanza kliniki ya wajawazito nilihesabu wanawake wenye rovu, au goita kama wengi mnavyosema, nikaacha kuhesabu. Wengine lilikuwa dogo, linaonekana anapomeza mate. Wengine lilikuwa kama embe. Mama mmoja alijifunga kitenge shingoni hata jua likiwa kali, na alipokifungua ili nimpime niliona aibu kwa jinsi nilivyotazama. Pale kijijini hawakuuona kuwa ugonjwa. Walisema ndivyo wanawake wa ukoo fulani walivyo. Walikuwa wamelizoea kama mtu anavyozoea mteremko wa kwenda kwake.

Lakini shingo ilikuwa ndiyo sehemu nyepesi ya jambo lenyewe. Walikuwepo watoto waliozaliwa bila kusikia, na waliochelewa kutembea mpaka miaka mitatu, minne. Walikuwepo waliokaa darasa la kwanza mpaka ndevu zikaota. Mimba zilikuwa zinaharibika. Nakumbuka kadi moja ya mtoto niliyoandika kwa mkono wangu: "mzito kuelewa". Niliiandika kana kwamba ni tabia yake. Ningekuwa na uwezo ningeitafuta kadi ile niifute, kwa sababu kosa halikuwa la mtoto wala la mama yake. Mwili wake ulikosa kitu kidogo alipokuwa bado tumboni.

Kitu hicho ndicho madini joto. Milimani mvua za maelfu ya miaka zimeosha udongo na kuyapeleka baharini. Ndiyo maana watu wa pwani wanaokula samaki wa bahari hawakuwa na shida hii kama watu wa milimani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mmoja kwa miaka 70 yote, hayafiki gramu nne. Hayajazi kijiko cha chai. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wa uuguzi: kijiko kisichojaa ndicho kinachomtenganisha mtoto anayesikia jina lake na yule asiyelisikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tunagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kijiji kwa kijiji, kwa gari na kwa miguu. Miaka ya 1990 serikali ikaweka kanuni za kuyatia kwenye chumvi. Kwa nini chumvi? Kwa sababu tajiri anaila na maskini anaila, kila siku, na wote wanakula kiasi kinachokaribiana. Hakuna anayeikumbuka, na kwa kuwa haikumbukwi, inafika kila chungu. Sasa hivi nikienda huko juu kuwasalimia, mabinti wa umri wa miaka 20 wanapita na shingo laini, wamevaa shanga, na hawajui kwamba bibi zao walikuwa wanaficha za kwao. Huwa nawatazama mpaka wanadhani nimewafananisha na mtu.

Kwa hiyo, baba, kwa macho na kwa ulimi chumvi ni chumvi. Ya kupima inaweza kuwa haijatiwa kitu, au ilitiwa ikaachwa wazi juani na kwenye unyevu mpaka madini yakatoweka. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Imimine kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, usiiweke jirani na jiko, chota kwa kijiko kikavu, na itie chakula kikikaribia kuiva. Usiongeze kiasi kwa kudhani ndiyo afya zaidi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyokwisha kuingia kwenye maharage. Wateja wako wana presha kuliko wanavyojua.

Kuhusu biashara za watu, ni kweli ni biashara, na mimi nimeona inavyofanywa. Ukifika Bagamoyo, au Mtwara, kwenye majaruba ya chumvi, utaona wanavyofungulia bahari iingie wakati wa bamvua, wakaifungia, wakaiachia jua. Maji yanapungua, yanahamishwa jaruba hadi jaruba, mpaka chumvi inaanza kuganda chini kama barafu chafu. Hapo wanaingia na reki, peku au na mabuti yaliyotoboka, mchana kweupe, jua likiwapiga kutoka juu na kutoka chini. Nyufa za miguu yao zikiingia maji yale wanauma meno. Pakiti yako ya nusu kilo ni lita zisizopungua 15 za bahari zilizokaushwa hivyo. Inakaribia ndoo nzima, kama nilivyomweleza mwenzako wa Kimara kuhusu maji yake. Na kwa bei yake hunywi hata soda.

Mlipe afisa afya wako kwa sahani moja ya wali, umwambie Shangazi amesema amefanya kazi nzuri.

*

*Shangazi, shikamoo. Mke wangu amekwenda Kahama kumuuguza mama yake, leo wiki mbili. Nimebaki Tabora na watoto watatu. Nilidhani ni kupika ugali tu. Sikujua muuza maziwa anapita saa 12 asubuhi na akikuta mlango umefungwa hagongi. Sikujua mkaa unanunuliwa kabla haujaisha. Sikujua yule mdogo hali mpaka uanze wewe kuonja. Anarudi Jumamosi. Nataka kumshukuru lakini hatukuzoeana kwa maneno hayo, miaka 11 sasa, na nikianza ghafla atadhani nimeharibu kitu. Nifanyeje?*
*Baba watatu, Tabora*

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeituma kwa wanangu wa kiume wote wawili.

Usiende kumwambia "asante kwa yote". Neno "yote" wanalitumia watu wasiojua. Wewe sasa unajua, na umeshaanza kutaja kwa majina: maziwa ya saa 12, mkaa, kijiko cha kuonja. Chukua karatasi uendelee kuandika mpaka Ijumaa usiku, kila kitu ulichokigundua. Usimsomee kama mkutano wa kijiji. Mwambie kimoja tu siku ya kwanza, mkiwa mnakula: "Sikujua kwamba mtoto huyu huanzi kumlisha mpaka uonje." Basi. Yeye ataelewa kwamba umekuwa unatazama. Siku nyingine kingine. Asipojibu, usidhani hajasikia.

Na katika orodha hiyo chagua kimoja kiwe chako moja kwa moja, hata akiwepo. Mimi ningechagua maziwa, kwa sababu saa 12 asubuhi ndiyo saa ambayo mama wa watoto watatu angependa kulala dakika 15 zaidi.

Marehemu mume wangu alikuwa ananipigia pasi sare zangu. Sare za uuguzi wakati ule zilikuwa nyeupe tupu, na pasi ilikuwa ya mkaa. Niliporudi zamu ya usiku nikalala, nikiamka sare ilikuwa imening'inizwa mlangoni, imenyooka. Miaka 19. Niliivaa, nikaondoka. Baada ya arobaini yake nilirudi kazini, nikaishika pasi mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Nilijua siku ile kwamba unapaswa kupepea kwanza uani ili majivu yatoke yote, kwamba unaipitisha pasi kwenye kitambaa kingine kabla ya kugusa nyeupe, kwamba ukosi unaanzia nchani kwenda katikati la sivyo unajikunja. Ilinichukua karibu saa nzima na bado nilichafua mkono wa kushoto. Nilikaa kitandani na sare ile mapajani mpaka nikachelewa zamu. Nilikuwa na mambo ya kumwambia, kwa majina yake, na sikuwa na wa kumwambia.

Wewe unaye, na anafika Jumamosi. Uwe stendi kabla basi halijaingia, upokee mzigo yeye asibebe hata kikapu. Muulize hali ya mama yake kwanza, na umsikilize mpaka amalize. Na mkaa uwe umeshanunua.